Chokaa jichoni, betri puani: "wahi hospitali" haitoshi

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Sisi ni wahudumu wa masikio, pua, koo, meno na macho, na tuna jambo moja kuhusu namna watu wanavyoelekezwa msaada wa kwanza. Maelekezo mengi yakifika usoni huishia kwenye maneno mawili: wahi hospitali. Ni ya kweli, lakini hayatoshi. Zipo dharura ambazo sehemu kubwa ya tiba yake hufanyika pale pale zilipotokea, na zipo nyingine ambazo mkono wa anayesaidia ndio unaoleta hasara. Msomaji anahitaji kujua ipi ni ipi kabla haijamkuta.

Jicho lililoingiwa na chokaa, saruji, dawa ya kuzibulia mabomba au asidi ya betri ya gari linatibiwa kwanza na maji, tena papo hapo. Maji safi yoyote yaliyo karibu yanafaa. Usiende kutafuta ya dukani. Mwinamishe mgonjwa kichwa upande wa jicho lililoumia, maji yasije yakapeleka kemikali kwenye jicho lisiloumia. Mtu wa pili azishike kope kwa vidole na kuzipanua, kwa sababu jicho linalowaka hujifumba lenyewe kwa nguvu, na ukimwagia maji jicho lililofumba umeosha kope tu. Endelea kwa dakika 20 kwa kutazama saa, na 30 kama ni chokaa au saruji. Wengi huacha baada ya dakika 2 au 3 maumivu yanapopungua kidogo. Ipindue kope ya juu na ufute kwa pamba iliyolowa, maana punje za chokaa hujificha huko, na kila punje inayobaki inaendelea kuyeyuka na kuunguza.

Watu huogopa asidi zaidi, lakini chokaa na wenzake wa jamii ya alkali ndio wabaya zaidi. Asidi hugandisha protini za juu ya jicho, na ule mgando huizuia kidogo isizame. Alkali huyeyusha mafuta ya chembehai na kupenya ndani kwa dakika chache. Usijaribu kuizimua kwa siki wala limau. Na jicho likibaki jeupe baada ya ajali ya chokaa, badala ya kuwa jekundu, usifurahi: weupe huo unaweza kumaanisha kwamba mishipa midogo ya damu imekwisha kufa.

Jicho lililochomwa au kupasuka linataka kinyume chake kabisa. Usilioshe, usichomoe kilichochoma, usiweke dawa ya matone, usilikandamize hata kwa shashi laini. Chukua kikombe cha karatasi, kata kipande chake cha chini chenye kitako, kipande hicho kifunike jicho na ukingo wake ukae kwenye mfupa wa nyusi na wa shavu, kisha ukibandike kwa plasta. Mgonjwa asile wala asinywe, huenda akahitaji upasuaji siku hiyo hiyo. Mboni iliyopoteza uduara na kuvutika upande mmoja kama tone la maji ni dalili ya jicho lililotoboka. Mtu aliyekuwa akigonga chuma kwa nyundo, akahisi kitu kimemrukia, apelekwe hata kama haumii sana, kwa kuwa kichembe cha chuma huingia ndani kabisa na kuacha tundu dogo mno.

Alkali ile ile inayochoma jicho ndiyo inayotengenezwa na betri ndogo za duara, zile za saa, rimoti na vitu vya kuchezea. Ikikaa puani, sikioni au kwenye umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni), unyevu wa mwili hukamilisha njia ya umeme, na upande hasi wa betri huanza kuzalisha alkali. Betri iliyokwisha nguvu nayo hufanya hivyo. Ndani ya saa 2 umio unaweza kuwa umeungua, na ikiwa puani, ukuta wa kati wa pua unaweza kutoboka siku hiyo hiyo. Kwa hiyo usitie matone ya aina yoyote puani wala sikioni, unaiongezea unyevu. Mtoto aliyemeza betri, ikiwa amepita mwaka 1, anaweza kumeza asali na hazijapita saa 12 tangu aimeze, apewe vijiko vidogo 2 vya asali kila baada ya dakika 10, jumla isizidi mara 6, mkiwa tayari njiani. Asali huipaka betri na kupunguza ukali wake. Haiitoi, na isiwe sababu ya kuchelewa. Chini ya mwaka 1 asali ni hatari. Usimtapishe. Mkifika, semeni neno "betri" kabla ya lolote, kwa sababu kwenye picha ya eksirei hufanana na sarafu, na sarafu inaweza kusubiri kidogo. Betri haisubiri.

Vitu vingine vya puani na sikioni vinataka utulivu tu. Shanga puani inaweza kutoka kwa pumzi ya mzazi: anaziba tundu lisilo na kitu kwa kidole, anafunika mdomo wa mtoto kwa mdomo wake, kisha anapuliza mara moja, kwa mkupuo mfupi. Kibano kinapojaribu kushika kitu cha duara huteleza na kukisukuma nyuma. Maharage au punje ya mahindi sikioni isitiwe maji, itavimba na kukwama. Mdudu aliye hai auawe kwanza kwa matone ya mafuta ya uvuguvugu, isipokuwa kwa mtu ambaye kiwambo cha sikio kimetoboka au anatokwa usaha. Mtoto anayetoa makamasi yenye harufu mbaya upande mmoja tu wa pua mara nyingi hana mafua. Ana kitu ndani.

Damu ya pua imezungukwa na makosa ya zamani. Mara nyingi inatoka sehemu ya mbele ya ukuta wa kati, mishipa midogo inapokutana. Kwa hiyo kaa wima, inama mbele, bana sehemu laini ya pua, si mfupa wa juu, na usiachie kuchungulia hadi dakika 15 ziishe. Damu ya mdomoni itemwe. Anayeinuliwa kichwa nyuma huimeza, kisha huitapika, na hakuna anayejua imetoka kiasi gani. Ikiendelea baada ya dakika 30, au mgonjwa akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, hapo ni hospitali.

Jino la ukubwani lililong'oka zima kwa pigo linaweza kurudi na kushika. Lishike kwa upande wa kutafunia, usiguse mzizi: ule utando mwembamba juu yake una chembehai zinazoliunganisha na mfupa. Likiwa na mchanga, lisuuze kwa maziwa au maji baridi kwa sekunde chache bila kulisugua, lirudishe kwenye tundu lake likitazama mbele kama mwanzo, kisha mgonjwa aume kitambaa safi. Ukishindwa, litie kwenye maziwa. Usiliache kwenye maji ya kawaida, kwa sababu chembehai hizo huyafyonza na kupasuka. Wala usilifunge kwenye karatasi: jino likikaa kavu dakika 60, karibu zote zimekufa. Jino la utoto halirudishwi, linaweza kuumiza lile linaloota chini yake.

Sasa zile zinazopita kimyakimya, ambazo kwetu zinaumiza zaidi kwa sababu mgonjwa hufika akiwa ameshakawia.

Mtu anaamka asubuhi sikio moja halisikii, anadhani ni nta, anasubiri wiki 3. Afanye jaribio hili: afumbe mdomo na kuguna "mmm" kwa sauti nzito. Sauti ikielekea sikio bovu, huenda ni nta au kizuizi kingine. Ikielekea sikio zima, ni ya kushukiwa kuwa ugonjwa wa mshipa wa kusikia, na dawa za steroidi hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema, ndani ya wiki 2 za mwanzo. Jaribio hilo halichukui nafasi ya kipimo, linamwambia tu asisubiri.

Aliyepigwa pua, kisha kwa siku moja au mbili pua ikaziba kabisa, amulikwe tochi ndani. Uvimbe laini wa rangi ya zambarau kwenye ukuta wa kati ni damu iliyotenganisha gegedu (mfupa laini wa pua) na ngozi inayolilisha. Isipotolewa mapema, gegedu hufa na mgongo wa pua hudidimia.

Mtu mzima mwenye jicho jekundu linalouma, anayeona duara za rangi kuzunguka taa na anayetapika, mara nyingi hutibiwa tumbo. Hiyo ni presha ya jicho iliyopanda ghafla, na saa chache zinaweza kumpotezea uoni.

Kuhusu koo, tuseme mawili. Mtoto mwenye homa kali anayetokwa mate, asiyeweza kumeza, aliyekaa akiinama mbele akivuta pumzi kwa shida, asilazwe chali wala asikandamizwe ulimi kwa kijiko "tuone koo". Kifuniko cha njia ya hewa huenda kimevimba, na kumsumbua kunaweza kuiziba. Na mtu mwenye gego bovu la chini, ambaye sasa sakafu ya mdomo imekuwa ngumu, ulimi umenyanyuka, shingo imevimba pande zote mbili na sauti imebadilika, asipewe dawa ya maumivu akalale. Apelekwe akiwa amekaa, usiku huo huo.

Ombi letu, Mhariri, ni dogo. Tenga kisanduku kwenye ukurasa wa afya, kichapishwe mara kwa mara kwa herufi kubwa za kukatwa na kubandikwa ukutani: chokaa jichoni, maji dakika 30; jino lililong'oka, kwenye maziwa; betri ndogo, hospitali sasa hivi. Tuko tayari kuwaandikia bila malipo.

Wahudumu wa masikio, pua, koo, meno na macho