Dawa ya miti shamba inafanya kazi ndani ya dakika arobaini, ni mti gani huo?

Dokta habari za kazi, na wasomaji mlionizidi umri shikamooni. Naomba msinicheke, na kama lazima mcheke basi mkimaliza mnijibu.

Mimi ni mwanaume wa miaka 48, fundi seremala, natafutia riziki Keko hapa Dar, mwaka wa 21 huu kwenye ndoa na tuna watoto wanne. Sina mchepuko, nasema mapema maana najua ndo swali la kwanza. Shida yangu jogoo hawiki. Sio kwamba hawiki kabisa, anaanza vizuri tu halafu katikati anakaa chini kama mtu aliyekumbuka kaacha jiko linawaka, na hata ile ya alfajiri iliyokuwa inaniamsha yenyewe siku hizi naiona mara moja kwa mwezi tena ya kusuasua. Imeanza mwaka jana mwezi wa tatu hivi.

Mke wangu mwanzoni alinyamaza. Baadaye akaanza kunusa mashati yangu. Halafu akaacha kunusa, na hapo ndo niliumia zaidi, maana sasa akimaliza vyombo anapanda kitandani anageukia ukutani kabla hata sijaingia chumbani, maongezi yetu ni ada za shule na luku basi.

Nikaanza na supu ya pweza kama kila mtu, bakuli kila jioni, na karanga mbichi na muhogo mbichi na nazi, dokta unazijua hizo. Supu tamu kweli, pilipili inakutoa jasho, ila nyumbani hali ileile. Nikahamia mkuyati, nachemsha magome hapo karakana nawadanganya vijana kwamba ni dawa ya tumbo. Nikanunua vumbi la Kongo, muuzaji mmoja ananiambia nipake, mwingine ananiambia nilambe, nikajiuliza dawa gani hii wenyewe hawajui inapita mlango gani, nikapaka nikaishia kupata ganzi, nikatupa. Alkasusu ndo nilidumu nayo. Kuna kijana anapita na machupa yake ya chai kila saa kumi na moja jioni, vikombe viwili vya moto vina tangawizi na mambo yao mengine, na niseme ukweli mwili nilikuwa nausikia umechangamka, miezi mitano sikukosa hata siku moja.

Sasa katikati ya hayo kichwa kikawa kinaniuma kisogoni, nikaenda hospitali nikakutwa na presha 165 kwa 100, sukari wakasema iko sawa. Nikapewa vidonge vya aina mbili, kimojawapo kile cha kukojoza. Jamaa mmoja kijiweni akaniambia aah wewe unajimaliza mwenyewe, vidonge vya presha ndo vinaua nguvu za kiume, nikaviacha bila kumwambia mtu. Juzi nimekaa napiga hesabu nikajiona mjinga, maana tatizo lilianza mwezi wa tatu na vidonge nilipewa mwezi wa nane, sasa viliniharibuje kabla sijavimeza? Ingawa naambiwa kweli zipo dawa za presha zinazochangia, ila na presha yenyewe inachangia, kwa hiyo hapo sijui nishike lipi.

Kisha nikaletewa ile dawa ya miti shamba ya chupa. Ni vidonge vya ganda, ndani kuna unga wa kahawia, kwenye lebo kuna majani na picha ya simba, imeandikwa asilia asilimia 100 haina kemikali, elfu thelathini na tano, hakuna namba ya usajili wala anuani ya aliyeitengeneza. Dokta ilifanya kazi. Dakika arobaini tu mambo yakawa ya ujanani, na asubuhi nikakuta chapati mezani siku ya Jumanne, waliooa wananielewa. Lakini usiku ule uso uliniwaka moto, pua zikaziba kama nina mafua, kichwa kiligonga mpaka kunakucha, na taa ya chumbani niliiona ina ubluu kwa mbali. Na hizo dalili mimi sio mgeni nazo, maana miaka mitatu nyuma kwenye harusi rafiki yangu alinigawia nusu ya kile kidonge cha bluu cha dukani kwa utani tu, nikapata vilevile, uso, pua, kichwa.

Nikabeba kidonge kimoja mfukoni nikampelekea kijana wa duka la dawa la mtaani kwetu. Akacheka, akasema mzee mti haufanyi kazi kwa saa ya mkononi. Akanieleza kwamba nyingi tu za hizi zinazoitwa asilia zikipimwa maabara zinakutwa zimechanganywa na sildenafil, yaani hiyohiyo Viagra iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998, na kwamba wenzetu huko mamlaka yao ya chakula na dawa inatoa matangazo kila mara ya kuzitaja zilizokamatwa. Akasema tofauti ni kwamba ile ya dukani unajua ni miligramu 50 au 100, hii yangu anajua aliyeikoroga, leo kidogo, kesho mara tatu yake. Na angalau ingekuwa imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ungejua wa kumuuliza.

Akaniuliza unatumia nini kingine, nikamtajia alkasusu tena kwa kujidai, akaacha kucheka. Kumbe ule mzizi wa alkasusu ukiunywa kila siku unaufanya mwili ushikilie chumvi na maji na kupoteza potasiamu, presha inapanda! Akanipima palepale, 182 kwa 110. Na mimi miguu ilikuwa inavimba jioni nikidhani ni kusimama kutwa nzima na randa. Mtu umeacha dawa ya kushusha na unakunywa ya kupandisha, vikombe viwili kwa siku, na pesa unalipa.

Akaongeza jingine lililoninyima usingizi, kwamba mishipa ya damu ya huko chini ni myembamba kuliko ya moyo, ikianza kukakamaa huko ndo panajulikana kwanza, moyo unaweza kufuata miaka kadhaa mbele. Kwa hiyo jogoo kunyamaza inawezekana ndo kengele yenyewe inalia.

Na hapo nikamkumbuka shemeji, kaka yake mke wangu, mgonjwa wa moyo huyo, ana vile vidonge vya kuweka chini ya ulimi kifua kikimbana. Nilikuwa nimemgawia vidonge vinne vya chupa yangu kwa wema kabisa. Kijana aliposikia akasema hivyo viwili vikikutana presha inashuka ghafla na mtu anaweza kufa, nikampigia simu nikiwa bado nimesimama hapo dukani. Ameshameza viwili, na usiku mmojawapo alianguka bafuni wakasema ni uchovu. Nikamwambia usiguse tena, anajibu toka lini mti ukagombana na kidonge. Nimemfuata mpaka kwake vile viwili vilivyobaki hataki kunipa, anasema nataka kufaidi peke yangu.

Sasa dokta naomba unijibu kama unavyomjibu ndugu yako. Vidonge vya presha nimevirudia, alkasusu nimeacha wiki ya pili hii, ila naogopa nguvu zitaisha kabisa, je naweza kuomba nibadilishiwe aina ya dawa bila kuonekana nachagua? Kile kidonge cha bluu cha halali mtu mwenye presha anaruhusiwa au ndo basi tena? Na kuna mti wowote uliopimwa kweli ukaonekana unasaidia, maana hii ginseng, mzizi wa Wakorea, naisikia ikisifiwa sana na mfuko wangu umeshachoka kujaribu. Alhamisi nina kliniki, daktari wangu ni binti rika la mwanangu wa kwanza, ananiita baba, nianzie wapi kumwambia? Na shemeji nimfanyeje, nimwambie mkewe au nimwambie dada yake ambaye ndo mke wangu, maana nikimwambia mke wangu inabidi nimweleze na zile chapati zilitokana na nini.

Chupa ina vidonge sita bado, nimeificha kwenye boksi la misumari. Jana usiku mke wangu ameniuliza mwenyewe, baba fulani siku hizi umechoka sana na kazi? Nikamjibu ndiyo.

Fundi wa Keko