Slaidi za stereo zina mpangilio wake

Mhariri,

Makala yenu kuhusu picha za zamani imewashauri wasomaji wachomoe slaidi za stereo (jozi ya picha za kitu kimoja, moja ya jicho la kushoto na moja ya la kulia, zikitazamwa pamoja huonyesha kina) kwenye fremu zilizochakaa na kuzihamishia kwenye mpya. Sawa, lakini mpangilio hamkuugusa, na kazi yenyewe iko hapo.

Nazungumzia kamera kama Stereo Realist, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1947. Picha ya kushoto na ya kulia hazikai jirani kwenye filamu. Katikati yake kuna picha mbili, kila moja ya jozi nyingine. Isitoshe, ukiugeuza ukanda ili watu wasimame wima, ya kushoto inahamia kulia! Ukizifunga hivyo hivyo, mlima ulio nyuma utajitokeza mbele ya mtu.

Mimi, fundi picha mstaafu, huanza na kimo: picha zote mbili ziwe usawa mmoja. Macho huelekea puani bila taabu, ila jicho moja kupanda na jingine kushuka hayawezi. Tofauti ndogo tu, kichwa kinauma. Kisha rula: napima umbali kati ya kitu kwenye picha ya kushoto na kitu kilekile kwenye ya kulia. Cha mbali kiachane zaidi kuliko cha karibu, lakini kisizidi takriban milimita 63.

Na gundi ya maji, jamani, msiikaribishe kabisa. Glavu za pamba na utepe mwembamba vinatosha.

Msomaji wenu,
Tanga