Waulizeni walianza na nambari gani

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka mingi bila kukuandikia, ila ile taarifa ya wiki jana, eti kompyuta "imethibitisha" mlinganyo wa fizikia ya chembe, imenikaa kooni.

Mlinganyo wenyewe, wa wanafizikia Dyson (1949) na Schwinger (1951), haukubali kalamu kwa sababu kinachotafutwa, mfano tungamo la kwaki (chembe ndogo zinazounda protoni), kimo ndani ya integrali ileile (jumla ya vipande vidogo visivyohesabika) inayotakiwa kulitoa. Basi mtu huigeuza integrali iwe jumla ya pointi kadhaa, pengine zilizochaguliwa kwa mbinu ya Gauss, anakisia jibu, analiingiza, anapata jingine, analirudisha tena mpaka litulie. Likitulia, kazi ndiyo inaanza: ongeza pointi maradufu, sogeza kikomo cha juu ulipoikatia integrali, uone kama jibu litayumba.

Juzi, kwenye semina ya chuo kimoja hapa Kisumu, kijana alituonyesha grafu ya tungamo la kwaki: mstari bapa kama nyanda za Kano. Wageni wakapiga makofi. Nikauliza, "Makisio yako ya kwanza yalikuwa nini?" "Sifuri, mwalimu." Sifuri! Kwaki isiyopewa tungamo lolote mwanzoni, ukiingiza sifuri mlinganyo unakurudishia sifuri, hata uuzungushe mara milioni. Angeanza na nambari nyingine, hata ndogo, angeona tungamo likichomoza lenyewe hadi mamia ya mega-elektronivolti (kipimo cha tungamo la chembe), na hapo ndipo utaelewa kwa nini protoni ina 938 ilhali kwaki zake tatu zikijumlishwa hazifiki 10. Yaani jambo lenyewe lililompandisha jukwaani alilizima kwa kubonyeza kitufe kimoja, na ukumbi mzima, wakiwemo wenye digrii kunishinda, ukamshangilia! Nilipoanza kueleza, mwenyekiti akasema muda umeisha na chakula kinapoa.

Kijana simlaumu sana. Maabara ya kompyuta hufungwa saa kumi jioni, ufunguo uko kwa mtu aliyesafiri, kwa hivyo hesabu anaifanyia saiba, na stima ikipotea anaanza upya. Pesa za kupaka lango rangi lakini hazikosekani.

Siku nyingine mwandishi wako akiambiwa "kompyuta imethibitisha", aulize pointi zilikuwa ngapi, integrali ilikatiwa wapi, na makisio ya kwanza yalikuwa nini. Asipojibiwa yote matatu, taarifa hiyo ichapishwe ukurasa wa nyota, kati ya Mizani na Nge.

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Mamboleo, Kisumu