Asante, fundi wa kaseti za King Kikii

Fundi usiyetaka kutajwa, pokea shukrani zetu. Tangu King Kikii, mwanamuziki wa dansi, atutoke Novemba 2024, mashabiki wengi wamefukua kaseti zake na kuzitia moja kwa moja kwenye redio. Ndivyo utepe unavyoliwa! Wewe ulianza kwa kuvunja vile vijino viwili vya mgongoni, mtu asije akarekodi juu yake. Ukaupeleka utepe hadi mwisho na kuurudisha, ili tabaka zilizogandana ziachane, ndipo ukacheza. Kaseti iliyodondosha kisponji cha kubana utepe, sauti ikawa inazama na kuibuka, hukuitupa: ulifungua skrubu tano, utepe ukauhamishia kwenye ganda jingine. Hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma utepe, uliipangusa kwa spiriti na pamba, ukaiacha ikauke. Kisha ile skrubu ndogo kando ya hedi, inayoinyoosha ilingane na utepe, ukaigeuza kidogo kidogo mpaka matoazi yakasikika. Hapo ndipo wengi hushindwa, wakailaumu kaseti. Ukarekodi kwa waya kutoka deki hadi kompyuta, si kwa kuweka simu mbele ya spika, ukahifadhi katika faili za WAV za biti 24, yaani sauti isiyobanwa. Mvumo wa utepe umeuacha, na umefanya vyema: kichujio kingekula na gitaa la solo. Mungu akuzidishie.