Ramani ambayo kitovu chake ni Kisumu

Kisumu,
Jumapili jioni

Mwalimu, rafiki yangu,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Habari za Nakuru? Mama watoto amepata nafuu? Sisi wazima, ila mimi usingizi umenipungua kwa ajili ya ramani.

Unakumbuka mjomba alivyokuwa akitoka ufuko wa Dunga usiku kwa mashua: anashika upande mmoja wa dira, habadili mpaka aone taa za ng'ambo. Njia ya namna hiyo hukata kila meridiani, yaani mstari wa kaskazini-kusini, kwa pembe ileile. Pedro Nunes, mwanahisabati Mreno, aliieleza tangu 1537, na mwaka 1569 mchora ramani Mercator akachora ramani inayoinyoosha. Lakini kwake urefu huharibika, kilomita zinavimba kadiri unavyoiacha ikweta. Nilitamani ramani yenye vyote viwili, na kumbe ipo! Karl Siemon aliitoa 1935, Waldo Tobler akaifikia kivyake 1966. Unachagua kituo kimoja tu, na kila njia ya dira itokayo hapo inanyooka, upande wake sahihi, urefu wake sahihi.

Basi nimeandika programu ya kuichora, kituo Kisumu. Mara ya kwanza mistari yote ya latitudo ilitokea isipokuwa mmoja, ule unaopita hapa hapa kwetu! Siku mbili nilihangaika. Kanuni inagawanya tofauti ya latitudo kwa tofauti ya kimo cha Mercator (umbali wa latitudo toka ikweta kwenye ramani yake), na kwenye latitudo ya kituo zote mbili ni sifuri. Sifuri kwa sifuri, kompyuta ikanyamaza. Dawa yake: mstari huo pekee, zidisha tofauti ya longitudo kwa kosaini ya latitudo. Ukatokea. Nimelinganisha na PROJ, programu ya kukokotoa ramani, ambayo inayo projeksheni hii (namna hii ya kuchora dunia) kwa jina loxim, na nukta zimelaliana.

Kwa njia ya dira kutoka Kisumu, London iko nyuzi 30 magharibi ya kaskazini, kama kilomita 6,600. Tokyo ni nyuzi 70 mashariki ya kaskazini, kama 11,600. Hapo wanafunzi wako waelewe vizuri: njia fupi kabisa ya Tokyo ni pungufu kwa zaidi ya kilomita 200, ila anayeifuata lazima ageuzegeuze dira njiani.

Faili nakutumia. Badilisha namba mbili tu, latitudo na longitudo ya kituo, uweke Nakuru. Ukija Desemba tumpelekee mjomba nakala iliyochapwa, kubwa, aweze kuiona bila miwani.

Wako,
Omondi