Milioni 100 kwa kila parishi si mgawo wa haki

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji nizungumzie jinsi serikali yetu ya Uganda inavyogawa fedha za kuinua uchumi wa mikoa, jambo ambalo hujadiliwa kwa makelele wiki chache kabla Bunge halijapitisha bajeti mwezi Mei, kisha likawekwa kando hadi mwaka unaofuata.

Tangu Mpango wa Maendeleo ya Parishi uzinduliwe Kibuku mwezi Februari 2022, kila parishi nchini, yaani eneo dogo la utawala ndani ya wilaya, hutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya inayokubaliwa na sacco (chama cha akiba na mikopo) hukopeshwa shilingi milioni 1 kwa riba ya asilimia 6. Nia ya mpango huo siipingi. Hapa Arua wapo akina mama walioanza kufuga kuku na kulima vitunguu kwa mikopo hiyo, watu ambao benki isingewapa hata fomu ya kujaza. Ninachopinga ni kipimo kinachotumika, kwa kuwa parishi ya Wakiso, jirani na Kampala, iliyo kando ya lami, yenye umeme na soko lisilolala, hupokea kiasi kile kile kinachopokelewa na parishi ya Kotido, kule Karamoja, ambako mvua kubwa ikinyesha udongo mweusi hunasa hata trekta.

Najua nitajibiwa kwamba parishi za Wakiso zina watu wengi zaidi, na kwa hiyo ukigawa kwa vichwa ndizo zinazopunjwa. Hoja hiyo ni ya kweli, nami naichukua kama ushahidi wangu: mgawo usiotazama wingi wa watu wala kina cha umaskini hauhesabu kitu kingine isipokuwa mipaka. Mipaka yenyewe tunajua ilivyozaliana. Mwaka 1986 nchi ilikuwa na wilaya 33, leo zimepita 130, na kila wilaya mpya huanza na kiti cha mwenyekiti, gari lake na mishahara ya ofisi kabla haijachonga barabara hata moja. (Wanaodai wilaya mpya siwalaumu sana, ukiona fedha zinafuata mipaka, nawe utaomba mpaka wako.)

Mtindo huo huo umeingia kwenye barabara. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2023/24 serikali ilitangaza shilingi bilioni 1 kwa kila wilaya kwa ajili ya matengenezo ya barabara, wilaya kubwa na ndogo, ya udongo mwepesi na ya tope. Mhandisi yeyote wa wilaya atakuambia kwamba kilomita moja ya murram, barabara ya changarawe, haigharimu sawa kila mahali, na kwamba mahali ambapo changarawe husombwa kutoka mbali, nusu ya fedha huishia kwenye dizeli ya malori.

Mimi ni mfanyabiashara wa ufuta na nafaka, na naomba niseme kinachoonekana nikiwa sokoni. Fedha za parishi zinapotoka, wakopaji wengi hukimbilia mbuzi, na kwa kuwa wamelipwa karibu siku moja, bei ya mbuzi jike hupanda kiasi kwamba anayechelewa kufika mnadani hurudi nyumbani na mbuzi wachache kuliko jirani yake. Muda wa marejesho ukikaribia, wote huuza kwa pamoja na bei huporomoka. Aliyelima ufuta hana nafuu kubwa, kwa sababu lori haliwezi kufika kwake wakati wa mavuno. Anayemfikia ni dalali wa pikipiki mwenye mizani yake ya kuning'iniza, ambayo hakuna aliyewahi kuikagua, na bei husemwa kabla gunia halijafunguliwa. Milioni moja mkononi mwa mkulima huyo haibadilishi hata kidogo umbali kati ya shamba lake na lami.

Mwaka 2024, daraja la Karuma juu ya mto Nile, lililojengwa 1963, lilipofungwa kwa ukarabati, malori ya kuja huku kwetu West Nile yalilazimika kuzungukia Masindi na Pakwach, na gharama ya safari hiyo tuliilipa sisi walaji dukani. Mwaka huo huo bwawa la umeme la Karuma lenye uwezo wa megawati 600 lilizinduliwa rasmi, ilhali eneo letu lilikuwa limeishi miaka mingi kwa jenereta na kituo kidogo cha Nyagak cha megawati 3.5, na gridi ya taifa imetufikia juzi tu. Huwezi kumtarajia mtu afungue kiwanda cha kukamua mafuta ya ufuta katika hali hiyo, hata umkopeshe mara tatu.

Takwimu za serikali yenyewe zinatosha kuonya. Kati ya utafiti wa kaya wa 2019/20 na ule wa 2023/24, umaskini nchini ulishuka kutoka asilimia 20.3 hadi 16.1, lakini Karamoja ulipanda kutoka asilimia 65.7 hadi 74.2. Sidai kwamba mgawo sawa ndio uliosababisha hayo. Ukame na wizi wa mifugo vina sehemu kubwa. Nasema kwamba mgawo sawa haukuweza kuyazuia, wala haukuundwa kwa kazi hiyo.

Cha kushangaza ni kwamba chombo cha kufanya kazi hiyo tunacho tangu 1995. Ibara ya 193 ya Katiba inataja ruzuku ya kusawazisha, inayopaswa kupewa wilaya zilizo nyuma kulingana na jinsi zilivyoachwa na wastani wa nchi katika huduma fulani, na ibara inayofuata inaunda Tume ya Fedha za Serikali za Mitaa ya kumshauri Rais kuhusu mgawanyo. Ruzuku hiyo imebaki ndogo mno kando ya zile zenye masharti, ambazo matumizi yake huamuliwa na serikali kuu, na halmashauri, ambazo zilipoteza mapato yake makubwa kodi ya kichwa ilipofutwa mwaka 2005, hazina pa kujazia pengo.

Naomba basi mambo mawili. Waraka wa mwelekeo wa bajeti, ambao sheria inataka ufike bungeni kabla ya tarehe 31 Desemba, uambatane na jedwali la kila wilaya likionyesha imeachwa nyuma kwa kiasi gani katika barabara, maji na umeme, na ruzuku ya kusawazisha ihesabiwe kutokana na jedwali hilo. Pili, wakazi wa parishi waruhusiwe kuamua kwa kura kwamba sehemu ya milioni 100 zao itumike kwa mali ya wote: ghala, makalavati, au mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri.

Mfanyabiashara wa nafaka,
Arua