Majaji wasikimbie ramani za uchaguzi

Ndugu Mhariri,

Kuna msomaji aliandika hapa eti majaji wakague sheria tu, mipaka ya majimbo wawaachie wabunge manake hiyo ni siasa. Mi nakataa. Sheria mbaya ikipita, uchaguzi ukifika wananchi wanawapiga chini waliopitisha, lakini ramani ikishachorwa vibaya kura yenyewe ndo imeshachezewa, sasa huyo mbunge utamtoa vipi?

Angalieni Tennessee kule Marekani. Bunge lao lilichora mipaka 1901 halafu likakaa miaka zaidi ya 50 bila kuigusa, watu wakahamia mijini, ikafika mahali kura ya mtu wa mji wa Memphis ina uzito kama sehemu ya kumi tu ya kura ya vijiji vingine. Nani angerekebisha, wabunge walewale waliokuwa wanakula kwa ramani hiyo? Ilibidi Mahakama ya Juu iseme 1962, kesi ya Baker dhidi ya Carr, kwamba malalamiko ya namna hii yanasikilizika mahakamani.

Halafu 2019 mahakama hiyohiyo, majaji 5 kwa 4, ikasema kuchora ramani kwa kupendelea chama si jambo la mahakama za shirikisho, eti kipimo hakuna. Na kwenye kesi hiyo mbunge mmoja wa bunge la North Carolina alishatamka waziwazi kwamba wanachora ili chama chao kipate viti 10 na wapinzani 3, kwa sababu 11 kwa 2 haiwezekani! Kipimo gani tena jamani.

Kenya kipimo kimeandikwa kwenye katiba, ibara ya 89: idadi ya watu isipishane na wastani kwa zaidi ya asilimia 40 kwenye majiji na sehemu zenye watu wachache, 30 kwingine, na asiyeridhika ana siku 30 kwenda Mahakama Kuu. Hiyo 40 mi naiona pana mno, ila angalau jaji anapiga hesabu, habahatishi.

Kinachoniudhi zaidi ni hukumu isiyo na meno. Japani 1976 Mahakama ya Juu ilikuta kura za sehemu moja zina uzito karibu mara 5 ya nyingine, ikasema katiba imevunjwa, halafu matokeo ya 1972 ikayaacha vilevile. Sawa, kufuta uchaguzi mzima ni balaa, lakini basi mpe bunge tarehe, likikaidi mahakama itafute mtaalamu achore. Alabama, Marekani, walifanyiwa hivyo 2023, japo hukumu hiyo iliegemea Sheria ya Haki za Kupiga Kura na sio katiba, na 2024 watu wakapiga kura kwa ramani ya mahakama.

Msomaji wenu